Baada ya Mitende: Siku Hamsini za Pasaka katika Historia ya Mombasa

Ngome ya Yesu iliwekwa wakfu tarehe 11 Aprili 1593, mbele ya Mateus Mendes de Vasconcelos, nahodha wa Wareno katika pwani hii. Siku hiyo ilikuwa Jumapili ya Mitende. Wanaoandika historia ya Mvita, yaani Mombasa, huitaja tarehe hiyo na kupita, kana kwamba ni pambo la kalenda tu, lakini mimi naona inastahili kusimamiwa kidogo. Mitende ni siku ya umati na vifijo: watu wanamshangilia mfalme kabla hawajajua ni mfalme wa namna gani. Pasaka huja wiki moja baadaye, na baada ya Pasaka huja siku hamsini mpaka Pentekoste, ambazo Kanisa lilizitenga tangu zamani kuwa majira ya furaha ya pekee. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulikataza kupiga magoti katika sala za siku hizo. Wakristo walitakiwa kusali wamesimama. Mtakatifu Augustino, ambaye watawa wa shirika linalofuata kanuni yake walifika Mombasa mwaka 1597, alifundisha kwamba siku arobaini za Kwaresima ni mfano wa taabu za sasa na hizo hamsini ni mfano wa pumziko litakalokuja. Ukiyasikiliza masomo ya majira hayo, humo hamna jeshi wala kiti cha enzi. Yumo mwanamke anayemdhania Bwana wake kuwa mtunza bustani, wamo wasafiri wawili wa Emau wasiomtambua mwenzao mpaka amege mkate, yumo Tomaso anayetaka kugusa makovu, na wavuvi wanaoandaliwa kifungua kinywa juu ya makaa. Hoja yangu ni kwamba Ukristo wa Mitende, wa mizinga na vifijo, ulijaribiwa Mombasa kwa karne nzima na ushei usiache hata usharika mmoja wa wenyeji. Ukristo ulioota mizizi ulikuja kwa mwendo wa zile siku hamsini: kwa ushahidi wa watu wanyonge, uliochelewa kueleweka na mara nyingi haukusadikiwa.

Mambo yalianza karne moja kabla ya ngome. Vasco da Gama alitia nanga mbele ya Mombasa Jumamosi ya tarehe 7 Aprili 1498, mkesha wa Mitende. Mwandishi wa kumbukumbu za safari hiyo anaeleza kuwa mabaharia walikuwa na furaha kubwa, kwa kuwa walikuwa wameambiwa mjini humu wamo Wakristo wenye mtaa wao, wakatarajia kusali nao misa kesho yake. Misa hiyo haikuwapo. Watu wawili waliotumwa pwani walizungushwa mjini, wakapelekwa nyumbani kwa wafanyabiashara wawili waliodhaniwa kuwa Wakristo, nao wakawaonyesha karatasi yenye mchoro ambao wageni waliutambua kuwa ni Roho Mtakatifu. Wataalamu waliokuja baadaye wanaona wale walikuwa Wahindi, na mchoro ule ulikuwa wa mungu wao. Kisha, Jumanne ya Juma Kuu, nahodha aliwahoji mateka wawili Waislamu kwa kuwadondoshea mafuta yanayochemka mwilini, akitaka wamwambie kama mji ulikuwa umepanga hila dhidi yake. Ijumaa Kuu ya tarehe 13 meli zikang'oa nanga, na Pasaka ya tarehe 15 ikawakuta Malindi. Huko, katika siku za kwanza za majira ya Pasaka, walikutana na merikebu za Wahindi. Wakawaonyesha picha ya Mama wa Yesu chini ya msalaba, na Wahindi wakasujudu mbele yake na kuleta karafuu na pilipili. Wareno wakashangilia kwamba wamewapata ndugu zao wa imani, ingawa mwandishi yuleyule anaona na kuandika kuwa ndugu hao hawakula nyama ya ng'ombe. Huu ni mshangao wa Pasaka uliopinduliwa. Wanafunzi wa Emau walikuwa na Kristo wasimtambue. Mabaharia hawa walimtambua mahali ambapo hakuwapo, na yule aliyekuwa akichomwa mafuta kwenye sitaha yao, ambaye Injili yao wenyewe ingewafundisha kumtazama upya, hawakumwona kabisa.

Ngome iliyojengwa kwa moyo huo iliacha maelezo yake yenyewe, na bado yanasomeka juu ya lango lake. Ni bamba la miaka ya 1630 la nahodha Francisco de Seixas de Cabreira, linalotangaza kwamba alipewa uongozi akiwa na umri wa miaka 27, kwamba aliwatoza kodi wafalme wa pwani, alizibomoa kuta za Pate na Siyu, aliwaua wakubwa wa Pemba, na aliwaadhibu Wamusungulo, jina walilopewa watu wa bara ya Mombasa. Halafu, bila haya, linaorodhesha malipo yake: cheo katika nyumba ya mfalme, pensheni ya mwaka, na ugavana kwingineko. Jina la Yesu ni la ngome yote, lakini ukilisoma bamba hilo kutoka juu hadi chini hukuti neno moja juu ya watu waliokufa kwa ajili ya jina hilo miaka michache tu kabla halijachongwa. Agosti 1631 Yusuf bin Hasan, mfalme wa Mvita aliyepelekwa Goa akiwa mtoto baada ya baba yake kuuawa kwa njama za Wareno, akabatizwa Jerónimo na kulelewa na Waagustino, aliingia ngomeni, akamuua nahodha Pedro Leitão de Gamboa na kurejea katika dini ya wazee wake. Wakristo wa mji, Wareno na Waafrika, wanaume, wanawake na watoto, walitakiwa kusilimu. Taarifa za wakati huo zinataja watu wapatao 300 waliouawa kwa kukataa, miongoni mwao Antonio wa Malindi, jamaa wa mfalme mwenyewe.

Hapa msomaji makini atanisimamisha. Je, hao 300 si matunda ya ngome? Bila mizinga wangebatizwa na nani? Pingamizi hili ni zito na sitalikwepa. Ni kweli walibatizwa chini ya kivuli cha bunduki. Lakini saa yao ilipofika ngome haikuwa na la kuwafaa; ilikuwa mikononi mwa aliyekuja kuwaua, naye alilelewa na watawa walewale waliowabatiza. Walichosimamia siku hiyo hakikuwa na askari nyuma yake. Ushahidi wao ulikusanywa Goa muda mfupi baadaye ili watangazwe wenye heri, ukalala makabatini kwa karne tatu na zaidi, na shauri lenyewe likafufuliwa na Waagustino wa zama zetu. Cabreira, kwa upande wake, alipata cheo chake na bamba lake bila kungoja. Kuhusu Yusuf, wale wanaomwona shujaa wa ukombozi wana sababu, na wale wanaomwona muuaji wa watoto wana sababu pia. Mtu aliyeuliwa baba na watu waliokuja kumfundisha habari za ufufuko hahukumiwi kwa sentensi moja. Ninalosema ni dogo kuliko hilo: ngome iliyowekwa wakfu siku ya Mitende ilizaa mfalme asiyeamini na mashahidi isiowakumbuka. Waomani walipoiteka Desemba 1698, baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu, na Wareno walipoondoka kwa mara ya mwisho mwaka 1729, Ukristo wa Mombasa uliondoka nao.

Ili kuona ulirudije, ni lazima tutoke ngomeni na Ndia Kuu ya Mji wa Kale, tukivuke kisiwa mpaka upande wake wa pili, Makupa, pale barabara na reli zinapotoka kisiwani na kufika Kibarani. Zamani hapakuwa na daraja. Maji yakipwa, mtu alivuka kwa miguu. Kwa sababu hiyo Wareno walijenga vingome vidogo Makupa vya kuwazuia watu wa bara, na kwa sababu hiyohiyo Wazimba, wapiganaji kutoka bara, walivukia hapo Machi 1589, manowari za Tomé de Sousa Coutinho zilipokuwa zimeubana mji kwa upande wa bahari. Ilikuwa Kwaresima, na Mkristo yule aliwaachia waingie kisiwani kuwamaliza watu waliokwisha kushindwa. Kwa karne mbili, basi, Kibarani ilikuwa upande wa adui, upande wa wale Wamusungulo ambao bamba la ngome linajivunia kuwaadhibu. Ukristo wa pili wa Mombasa ulianzia kwa watu hao hao, na ulianza kwa kuwaendea, si kwa kuwazuia.

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani wa shirika la misheni la Kanisa la Uingereza, alikuja kukaa Mombasa Mei 1844 akiwa na barua ya Sayyid Said wa Zanzibar. Kufikia katikati ya Julai alikuwa amemzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga, ng'ambo ya maji, upande wa Nyali, ambako kaburi lipo hadi leo. Aliwaandikia wakubwa wake kwamba kaburi hilo ni ishara kuwa kazi imeanza. Kwa mtu wa nje maneno hayo ni ya kichaa, lakini hayo ndiyo mantiki ya Pasaka ikichukuliwa bila masihara. Wiki chache kabla ya msiba alikuwa ameanza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Muhiddin. Jambo hili lina uzito kuliko linavyopewa kwa kawaida. Wanaodai kwamba Mombasa ni mji wa Kiislamu na kwamba habari za Pasaka humu ni za kupachikwa wanasahau kuwa Mwislamu msomi wa Mji wa Kale alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuipa lugha yetu maneno ya Biblia, kwa hiari yake, bila mzinga kumwelekea. Miaka miwili baadaye, tarehe 25 Agosti 1846, Krapf na mwenzake Johannes Rebmann walipanda mlima kwenda Rabai, wote wawili wakitetemeka kwa homa na kupokezana punda mmoja. Walikuwa wamewaomba wazee wa Rabai ruhusa ya kukaa, na wazee wakakubali. Mtu wa kwanza kuwaelewa alikuwa Mringe, mlemavu asiye na cheo chochote, aliyebatizwa akikaribia kufa. Ukihesabu kwa kipimo cha Cabreira, haya hayatoshi hata mstari mmoja wa bamba.

Halafu ukaja mshangao mwingine, nao uliangukia ndani ya siku hamsini. Rebmann alitoka Rabai kuelekea Uchagani mwaka 1848, msafara ukiongozwa na Bwana Kheri, Mwislamu aliyezijua njia za bara. Pasaka ya mwaka huo ilikuwa tarehe 23 Aprili. Tarehe 11 Mei, katika wiki ya tatu ya Pasaka, Rebmann aliona kitu cheupe juu ya mlima, akamwuliza kiongozi ni nini. Jibu alilopata ni kwamba hiyo ni baridi. Rebmann, mtoto wa Ujerumani, alijua mara moja kuwa anatazama theluji karibu na ikweta, akaketi chini kusoma zaburi. Katika safari zake hizo za Uchagani alisimuliwa pia habari za Sabaya, mmoja wa watu ambao mtawala wa Machame alikuwa amewatuma zamani wakachunguze kile cheupe. Wenzake walikufa wote; yeye alirudi na mikono na miguu iliyoharibiwa na baridi, na viungo vyake hivyo ndivyo vilivyokuwa ushahidi wake.

Wataalamu wa London hawakutaka ushahidi wa namna hiyo. William Desborough Cooley, mwanajiografia ambaye hakuwahi kukanyaga pwani hii, alishikilia kwamba theluji hiyo ni ndoto ya mmisionari mwenye macho mabovu, na hata baada ya Karl Klaus von der Decken kuupanda mlima mwaka 1862 na kukutana na theluji yenyewe, hakulegea. Najua jibu la haraka: theluji ni suala la sayansi, haina uhusiano na kaburi tupu, na kuviunganisha ni kucheza na bahati. Nakubali kwamba theluji ya Kilimanjaro haithibitishi ufufuko wa mtu yeyote. Lakini inathibitisha jambo jingine lililo la lazima kwa hoja yangu, nalo ni jinsi habari ya ajabu inavyosafiri. Kwanza huonekana na watu wasio na hadhi ya kusadikiwa, Mchaga aliyekatika vidole, kiongozi wa msafara, mmisionari mgonjwa, nayo hukataliwa na wale wenye vitabu vingi zaidi. Masomo ya siku hamsini yanahusu tatizo hilohilo: wanawake walipoleta habari kutoka kaburini, mitume waliziona ni upuuzi. Mwenye kusoma historia ya Rabai bila dharau anajifunza kutokuwa na haraka ya kuzicheka habari zinazoletwa na wanyonge. Rebmann mwenyewe alikaa huko karibu miaka 30, akapofuka, akawa anashikwa mkono na Isaac Nyondo, mwana wa mmoja wa waumini wa kwanza wa Rabai, mpaka aliporudishwa Ulaya mwaka 1875. Aliacha wafuasi wachache mno. Hata hivyo usharika ulikuwapo, wa wenyeji, na haukutegemea nahodha.

Mwaka huohuo Frere Town ilikuwa inaanzishwa ng'ambo ya kisiwa, mahali ambapo kengele yake imelipa jina eneo la Kengeleni, ili kuwapokea watu waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Hapo pingamizi kubwa kuliko yote linajitokeza. Frere Town ililindwa na manowari za Kiingereza na ilipewa jina la Bartle Frere, mjumbe wa dola. Je, si Mitende nyingine hiyo, kwa bendera tofauti? Kwa sehemu, ndiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 malalamiko kuhusu viboko na vifungo vilivyotolewa na wasimamizi wa misheni kwa hao waliookolewa yalizuka waziwazi, na hayakuwa ya uongo. Hata malipo yaliyotolewa tarehe 1 Januari 1889, wakati George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza alipowakomboa watoro wapatao 1,400 waliojificha Rabai na vituo vingine, yaliingia mifukoni mwa mabwana waliowamiliki. Watumwa walipata cheti. Lakini tuulize hao watoro walifikaje Rabai. Hawakuitwa na dola, ambayo ilitaka warudishwe kwa wenyewe ili amani na Waarabu isivunjike. Walipokewa na watu waliojua utumwa ni nini. Aliyekuwa akiongoza Rabai ni William Jones, mmoja wa Waafrika wa Bombay: aliuzwa utotoni, akaokolewa baharini, akasomeshwa India. Yeye na Ishmael Semler waliwekewa mikono kuwa mashemasi huko Frere Town na Askofu James Hannington tarehe 31 Mei 1885, Jumapili ya Utatu, wiki moja tu baada ya siku hamsini kwisha.

Miezi michache baadaye Jones alikuwa katika msafara wa Hannington kuelekea Uganda, akaachwa nyuma na sehemu kubwa ya wapagazi, na askofu akauawa Busoga tarehe 29 Oktoba kwa amri ya Kabaka Mwanga. Jones aliurudisha msafara pwani mwezi Februari 1886 chini ya bendera ya samawati iliyoshonwa neno Ikabodi, jina ambalo mama wa kale katika Kitabu cha Samweli alimpa mwanawe siku sanduku la agano lilipotekwa. Kanisa kuu la Kianglikana la Mombasa, lenye kuba na lililowekwa wakfu mwaka 1905, lilijengwa kwa kumbukumbu ya Hannington. Mimi huwa naona ajabu kwamba jina la Jones halisikiki sana, kwa kuwa ndiye aliyerudi na aibu ile mabegani, akaendelea kuwaficha watoro miaka mitatu zaidi mpaka wakapata vyeti vyao.

Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake, na msomaji anaweza kunitupia neno hilo: nimeokota tarehe zinazonifaa. Rosina alizikwa Julai, mashahidi walikufa Agosti, Rabai ilifunguliwa Agosti, na vyeti vikatoka Januari. Ni kweli, na ndiyo maana sijadai kwamba kalenda inasababisha lolote. Mungu wa Wakristo, kwa imani yao wenyewe, hafanyi kazi kwa zamu. Kalenda ninaitumia kama kipimo. Kanisa linapomwambia mtu asimame akisali kwa siku hamsini, linamfundisha mkao, na mkao huo unaweza kutafutwa katika mwezi wowote: Krapf kaburini, Antonio mbele ya upanga, Jones nyuma ya bendera. Wote walisimama mahali ambapo dalili zote ziliwaambia wapige magoti.

Pingamizi la mwisho halitoki vitabuni. Linatoka Kibarani yenyewe. Kwa miongo mingi mahali hapo palikuwa jaa la mji. Kila aliyeingia kisiwani kwa gari aliupokea moshi wake na harufu yake, aliwaona korongo na watu wakichakura pamoja, na taka zikiteremka hadi kwenye mikoko. Umbali mfupi kutoka hapo, kwenye Barabara ya Nkrumah, Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, lililokamilika mwaka 1923, huadhimisha jina lake kila Pentekoste. Mtu akiuliza tumaini la Pasaka liliwafaa nini waokotaji wa Kibarani, swali lake ni la haki, na jibu la kwamba watapumzika mbinguni halitoshi. Jaa lilipofungwa katika miaka ya mwisho ya muongo wa 2010, kazi hiyo ilifanywa na serikali ya kaunti na wafadhili wake. Pakapandwa miti na nyasi, taka zikaelekezwa Mwakirunge. Makanisa hayawezi kujisifia bustani hiyo. Hata hivyo Matendo ya Mitume, kitabu kinachosomwa misani kila siku katika majira hayo, hakiishii kwenye ndimi za moto. Kufikia sura ya sita tayari kuna ugomvi wa chakula: wajane wasio na lugha ya wakubwa wanasahauliwa katika mgao wa kila siku, wenzao wananung'unika, na mitume wanalazimika kuteua watu saba wa kusimamia meza. Jones na Semler walipowekewa mikono, huo ndio utumishi waliopewa. Waokotaji wa taka wa Mombasa sasa wako Mwakirunge.